Kidonda, Uvimbe na Kisu: Upasuaji wa Mfuko wa Chakula katika Hospitali za Morogoro

Historia ya upasuaji wa saratani ya tumbo katika mkoa wa Morogoro haiwezi kuandikwa kama historia ya saratani peke yake, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini ugonjwa huo ulifika katika hospitali za wilaya na za misheni ukiwa umejificha nyuma ya ugonjwa mwingine uliokuwa wa kawaida zaidi, yaani vidonda vya tumbo. Daktari aliyejifunza kufungua tumbo la mgonjwa wa vidonda ndiye aliyeitwa kuukabili uvimbe wa saratani, kwa sindano zilezile, uzi uleule na kitanda kilekile cha upasuaji. Vidonda vilipopata tiba ya vidonge katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, hospitali ndogo zilipoteza, bila kukusudia na bila mtu kulisemea jambo hilo, darasa lililokuwa likiwafundisha madaktari wake upasuaji wa kiungo hicho, ilhali saratani yenyewe ilibaki palepale.

Kiungo kinachozungumziwa hapa ni mfuko wa chakula, ambao hupokea chakula kutoka kwenye umio, hukisaga na kukichanganya na asidi, kisha hukipitisha kwenye lango jembamba la chini hadi utumbo mwembamba. Ni katika lango hilo na sehemu zilizo jirani nalo ambapo vidonda vya muda mrefu na uvimbe wa saratani huweza kuleta matokeo yanayofanana: njia huziba, chakula hukaa, mgonjwa hutapika alichokula jana, hukonda na hatimaye hukauka maji mwilini. Saratani nyingi za kiungo hiki huanzia katika utando wake wa ndani, hupenya ukuta wake taratibu, kisha husambaa kwenye tezi za limfu, ambazo ni vituo vidogo vya kuchuja maji ya mwili, na kwenye ini. Uvimbe usiotoka nje ya mfuko na tezi zake za karibu unaweza kuondolewa wote kwa kisu, lakini ule uliokwisha kufika kwenye ini hauondoleki kwa namna hiyo.

Milima ya Uluguru, inayoinuka kusini mwa mji wa Morogoro hadi zaidi ya mita 2,600 katika kilele cha Kimhandu, ilikutana na tiba ya Kizungu kupitia wamisionari kabla ya kukutana nayo kupitia serikali. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamepiga kambi Bagamoyo tangu 1868, walifika Mhonda mwaka 1877, wakaanzisha kituo Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kabla ya karne kwisha walikuwa wamepanda hadi Matombo, upande wa mashariki wa milima. Walichobeba kilikuwa sanduku la dawa, bendeji na kwinini, na hakuna aliyetarajia kwamba katika vituo hivyo tumbo la mtu lingefunguliwa na kushonwa naye akaishi, maana hata katika miji mikuu ya Ulaya jambo hilo lilikuwa ndiyo kwanza linajaribiwa.

Majaribio hayo yanastahili kuelezwa, kwa sababu upasuaji mkuu wa aina mbili uliokuja kufanyika Afrika Mashariki ulizaliwa katika mwaka mmoja na katika kliniki moja. Jules Péan alikuwa amekata sehemu ya mfuko wa chakula uliokuwa na saratani mjini Paris mwaka 1879, na Ludwik Rydygier akarudia jaribio hilo mwaka 1880, lakini wagonjwa wote wawili walifariki muda mfupi baadaye. Tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth aliondoa sehemu ya chini ya mfuko wa chakula wa mwanamke mwenye umri wa miaka 43, akaunganisha sehemu iliyobaki na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mgonjwa akapona jeraha, akala, akaondoka, ingawa alifariki baada ya miezi minne hivi saratani iliporudi kwenye ini. Miezi michache baadaye msaidizi wake, Anton Wölfler, alimfungua mgonjwa mwingine na kukuta uvimbe usioweza kuondolewa. Badala ya kufunga tumbo na kukata tamaa, kwa ushauri wa mwenzake Carl Nicoladoni, alichukua kitanzi cha utumbo mwembamba akakiunganisha na mfuko wa chakula juu ya mahali palipoziba, ili chakula kipate njia ya pembeni.

Tofauti kati ya upasuaji huu wa aina mbili ndiyo kiini cha yote yanayofuata. Wa Billroth unatafuta kuuondoa ugonjwa, na unahitaji uvimbe uliogunduliwa mapema, damu ya kuongezea, muda mrefu mezani na mkono uliozoea. Wa Wölfler, ambao unaweza kuitwa upasuaji wa njia ya pembeni, unauacha ugonjwa mahali ulipo na kumpa mgonjwa uwezo wa kula tena kwa majuma au miezi iliyobaki. Ulibuniwa kwa ajili ya mtu aliyechelewa, na waliochelewa ndio waliokuja kuwa wengi katika hospitali za chini ya Uluguru.

Reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaupa mji huo nafasi ya kuwa mlango wa bara na ikaifanya safari ya kwenda pwani, iliyokuwa ya siku nyingi kwa miguu, kuwa ya saa kadhaa. Kwa mgonjwa wa mjini, hilo lilimaanisha kwamba hospitali za Dar es Salaam, ikiwamo ile iliyojengwa kwa fedha za tajiri Sewa Haji na kufunguliwa 1897, zilikuwa karibu kuliko zilivyopata kuwa. Kwa mgonjwa wa Mgeta, Tegetero au Kolero, reli ilikuwa mbali bado kwa mwendo wa siku nzima au zaidi, naye alishushwa kwa machela mabegani mwa ndugu zake kwenye vijia vinavyoteleza wakati wa masika. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa na uzito katika kuamua nani ashushwe, lini, na kwa gharama ya nani. Kwa hiyo idhini ya upasuaji, ambayo hospitali huiona kama sahihi kwenye karatasi, mlimani ilikuwa shauri la jamaa wengi ambalo huenda lilichukua siku.

Serikali ya Kiingereza, iliyotwaa mamlaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilieneza tiba vijijini kupitia zahanati za mamlaka za wenyeji, ambazo kuanzia miaka ya 1920 ziliendeshwa na wahudumu wenye mafunzo mafupi walioitwa madresa. Hao walisafisha vidonda vya miguuni, walichoma sindano na kugawa dawa za malaria na minyoo, na walikuwa na manufaa makubwa kwa kiasi cha fedha kilichotumika, lakini hawakuwa na namna ya kulitazama tumbo kwa ndani. Inafaa kusemwa, ijapokuwa kando ya mada, kwamba mradi mkubwa wa dola ya kikoloni uliofika hadi vijiji vya juu vya Uluguru ulikuwa mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, uliozua ghasia za Matombo mwaka 1955. Vyumba vya upasuaji vilibaki bondeni.

Katika bonde la Kilombero, kusini mwa mkoa, hali ilikuwa ya namna yake. Wakapuchini wa Uswisi pamoja na Masista wa Baldegg waliijenga Ifakara kuwa kituo cha tiba, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikakua hadi kuwa hospitali kubwa kuliko ukubwa wa mji wenyewe; mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel aliweka hapo maabara ya uwandani ya Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Uswisi, na muda mfupi baadaye mafunzo ya wahudumu wa afya wa Tanganyika yakaanza kutolewa kando yake. Kaskazini, hospitali za kanisa za Berega katika Ukaguru na Bwagala huko Turiani zilikuja kubeba mzigo kama huo kwa watu wa vijiji vilivyokuwa mbali na reli. Hospitali za aina hii ndizo zinazokusudiwa hapa kwa neno hospitali ndogo: zenye chumba kimoja au viwili vya upasuaji, daktari mmoja au wachache wanaofanya kila kitu, na jenereta isiyoaminika sana.

Wakati wa uhuru wa mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa wachache mno, na shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1963, ilitoa wahitimu wake wa kwanza 1968. Pengo hilo lilizibwa na kada iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ya Madaktari Wasaidizi, ambao walikuwa waganga wenye uzoefu walioongezewa masomo, pamoja na mafunzo ya kupasua. Wao ndio waliokuja kuwa uti wa mgongo wa upasuaji wilayani. Uchunguzi uliofanyika katika mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba upasuaji mwingi mkubwa wa uzazi katika hospitali ulifanywa na kada hiyo, na kwamba matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Kazi ya kila juma ilikuwa kuwatoa watoto kwa upasuaji, kurudisha ngiri, kushughulikia utumbo uliojisokota na mifupa iliyovunjika.

Hata hivyo palikuwa na wagonjwa wa vidonda vya tumbo, na palikuwa na wengi. Kidonda kilichotokea mwanzoni mwa utumbo mwembamba, kikapona na kurudi kwa miaka, huacha kovu linaloliminya lango la mfuko wa chakula hadi kuliziba, na madaktari wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1950 hadi 1980 waliandika mara kwa mara juu ya vijana na watu wa makamo waliofika wakiwa na mifuko ya chakula iliyotanuka na kujaa, wakitapika kila jioni. Tiba yao ilikuwa njia ya pembeni ya Wölfler, na mara nyingi pamoja nayo kukatwa kwa mishipa ya fahamu inayochochea asidi, mbinu iliyoenezwa na Lester Dragstedt wa Chicago tangu 1943. Mgonjwa wa aina hiyo, akiandaliwa vizuri, hupona kabisa na kurudi shambani, na ndiyo sababu upasuaji huu uliwavutia madaktari wa wilayani: ulikuwa na mwanzo, mwisho na shukrani.

Ugumu wake mkubwa haukuwa katika kukata. Mtu aliyetapika kwa majuma hupoteza maji, chumvi na potasiamu, na asiporudishiwa hivyo kwanza kwa dripu kwa siku kadhaa, moyo wake unaweza kusimama akiwa chini ya nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi. Na maabara nyingi za wilayani zilikuwa na uwezo wa kupima wekundu wa damu na vimelea vya malaria, zisiwe na uwezo wa kupima chumvi hizo. Kwa hiyo daktari alikisia kwa kuutazama ulimi, ngozi na mkojo. Mfuko ulipaswa kuoshwa kwa mpira ulioingizwa puani hadi maji yatoke safi. Damu ya akiba ilitegemea ndugu waliokubali kutoa, kwani Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulikuja baadaye sana, mwanzoni mwa karne hii. Usingizi wenyewe ulitolewa na muuguzi aliyefundishwa, kwa etha iliyopuliziwa kupitia chombo kilichobuniwa Oxford katika miaka ya 1950 kisichohitaji gesi ya mtungi, na baada ya 1970 kwa ketamini, ambayo iliokoa hospitali nyingi zisizo na mtaalamu wa usingizi ingawa haiulegezi ukuta wa tumbo kama mpasuaji atakavyo. Baada ya hapo zilikuja siku za kungoja, hasa ya tano hadi ya saba, ambapo kiungo cha mshono kikivuja mgonjwa hupata homa, tumbo hukakamaa na mara nyingi hufa.

Ni katika foleni hii ya wagonjwa wa vidonda ndipo saratani ilipokuwa ikigunduliwa. Daktari alilifungua tumbo akitarajia kovu, akakuta badala yake ukuta mgumu, tezi zilizovimba na madoa meupe kwenye ini. Picha ya eksirei iliyopigwa baada ya mgonjwa kunywa uji mweupe wa bariamu ingeweza kumwonya, pale ilipokuwapo, lakini hata picha hiyo haikutofautisha daima kovu na uvimbe. Na kamera nyembamba ya kumezwa, iliyotengenezwa na Basil Hirschowitz mwaka 1957 kwa kutumia nyuzi za kioo, ilibaki kwa miongo mingi kuwa chombo cha hospitali za taifa na za kanda. Kwa hiyo utambuzi na tiba vilifanyika katika saa moja na kwa kisu kimoja. Kama njia ya kula ilikuwa imeziba na uvimbe hauondoleki, daktari alifanya kile alichokwisha kukifanya kwa wagonjwa wa vidonda, akaweka njia ya pembeni, akakata kinyama kidogo kwa ajili ya kupimwa, akakiweka katika fomalini na kukituma kwa reli au basi hadi Dar es Salaam, ambako majibu yangerudi mgonjwa akiwa amekwisha kupanda tena mlimani.

Vinyama vya namna hiyo, vilivyotumwa kutoka hospitali ndogo, ndivyo vilivyojenga elimu ya saratani ya Afrika Mashariki. Kampala, katika miaka ya 1960, Michael Hutt wa Makerere na Denis Burkitt walikusanya taarifa za hospitali za mikoani na kuzichora kwenye ramani, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni kwamba saratani ya mfuko wa chakula ilionekana zaidi katika nyanda za juu, Rwanda, kusini-magharibi mwa Uganda na kuzunguka Kilimanjaro, kuliko katika sehemu nyingi za chini. Wengine waliupeleka ushahidi huo kwenye udongo wa volkano, hoja ambayo haiwezi kuhamishiwa Uluguru kwa urahisi, kwa kuwa Uluguru, kama milima mingine ya Tao la Mashariki, ni ya miamba ya kale isiyotokana na volkano. Ramani ya namna hiyo, zaidi ya hayo, huonyesha pia mahali palipokuwa na daktari wa kukata kinyama na muuguzi wa kukifunga na kukituma, na mlima usio na hospitali huonekana juu yake kama mlima usio na saratani.

Mabadiliko makubwa yalitoka mahali ambapo wapasuaji hawakupatarajia. Barry Marshall na Robin Warren, wakifanya kazi Perth, Australia, mwaka 1982 waliotesha katika maabara bakteria anayeishi ndani ya mfuko wa chakula, Helikobakta pilori, na kuonyesha kwamba ndiye chanzo cha vidonda vingi. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likamwingiza bakteria huyo katika orodha ya visababishi vya saratani, na mwaka 2005 wagunduzi hao wakapata Tuzo ya Nobel. Afrika ilileta swali gumu, kwa sababu maambukizi yalikuwa ya watu wengi sana tangu utotoni huku saratani ikionekana kuwa chache kuliko ilivyotarajiwa, hali ambayo waandishi wa tiba tangu 1992 wameiita kitendawili cha Kiafrika. Sehemu ya jibu lake yaelekea kuwa ni ileile ya ramani, kwamba kisichopimwa hakihesabiwi. Wakati huohuo dawa za kuzuia asidi, simetidini katika miaka ya 1970 na omeprazo mwishoni mwa miaka ya 1980, zilianza kushuka bei, zikaungana na antibiotiki, na mgonjwa wa vidonda akawa mtu wa kumeza vidonge.

Faida ya jambo hilo kwa wagonjwa haina ubishi. Kwa hospitali ndogo, hata hivyo, lilikuwa na upande wa pili ambao haujaangaliwa vya kutosha. Kovu lililoziba lango likawa nadra, na Daktari Msaidizi au daktari kijana aliyepangiwa wilayani baada ya miaka ya 1990 angeweza kufanya mamia ya upasuaji wa uzazi bila kushona hata mara moja mfuko wa chakula na utumbo pamoja. Siku saratani ilipomletea mgonjwa aliyeziba, upasuaji ambao mtangulizi wake aliufanya kama kazi ya kawaida ulikuwa kwake jambo la kitabuni. Rufaa ya kwenda Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam, rufaa ambayo zamani ilikuwa kwa ajili ya kuuondoa uvimbe, sasa ilihitajika hata kwa kuweka njia ya pembeni.

Vidonge vilileta pia ucheleweshaji wa aina mpya. Mtu mwenye saratani changa huhisi kiungulia, tumbo kujaa upesi na maumivu ya juu ya kitovu, na omeprazo inayouzwa katika duka la dawa la kijijini humtuliza kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hurudi dukani na si hospitalini. Kabla yake kulikuwa na vidonge vyeupe vya magnesiamu vya zahanati, na pembeni mwa vyote waganga wa tiba asili, ambao kwao mtu anayekonda huku tumbo likimsumbua aweza kuwa amelishwa kitu na mwenye husuda. Ni kosa kuwalaumu waganga peke yao, kama ilivyo desturi ya ripoti nyingi, ilhali mgonjwa huyohuyo amepita zahanati mara nne akipewa kidonge kilekile. Matokeo yanaonekana katika mapitio ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, yaliyochapishwa 2012 kuhusu wagonjwa 232 wa saratani hii: zaidi ya tisa kati ya kila kumi walifika ugonjwa ukiwa umesonga mbele, na upasuaji uliofanyika kwa zaidi ya nusu yao ulikuwa njia ya pembeni. Bugando ni hospitali ya kanda yenye mabingwa. Hata huko, mgonjwa aliyekutana na kisu alikuwa yule wa Wölfler na si wa Billroth.

Mjadala wa kimataifa kuhusu hospitali ndogo ulikuwa umechukua mkondo mwingine. Tangu Harold Luft na wenzake waonyeshe, mwaka 1979, kwamba hospitali za Marekani zinazofanya upasuaji fulani kwa wingi hupoteza wagonjwa wachache kuliko zinazoufanya kwa nadra, nchi tajiri zimekuwa zikikusanya upasuaji wa saratani ya mfuko wa chakula katika vituo vichache. Japani, kwa upande wake, iliwapata wagonjwa mapema kwa kuwapima watu wasio na dalili, ikaendeleza uondoaji mpana wa tezi za limfu, na kuwaponya wengi. Hoja ya kukusanya ina nguvu kuhusu upasuaji wa Billroth na zaidi kuhusu kuondoa mfuko wote, lakini ikichukuliwa nzima na kuletwa Morogoro huwafanya wagonjwa wasioweza kula, na ambao hawatafika popote kwa nauli walizo nazo, wakose hata kile kidogo kinachowezekana karibu nao. Tume ya jarida la The Lancet ya mwaka 2015 ilipotaja upasuaji wa kupimia uwezo wa hospitali ya wilaya, ilitaja upasuaji wa kutoa mtoto, ufunguaji wa tumbo na tiba ya mfupa uliotoboa ngozi. Njia ya pembeni ni tawi la huo wa pili, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuutoa mikononi mwa hospitali ya Turiani au Berega ikiwa mtu wa kuufanya amefundishwa.

Safari ya rufaa yenyewe imefupika. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoanzishwa rasmi 1996 katika majengo ya hospitali ya Wajerumani ya miaka ya 1890, hutoa mionzi na dawa za saratani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeongeza mlango wa upande wa magharibi. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme huunganisha Morogoro na Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Mgonjwa anayetoka Nyandira, huko Mgeta, bado hutumia sehemu kubwa ya siku yake kati ya kijiji na barabara kuu ya Iringa.

Anayerudi kutoka Dar es Salaam baada ya kuondolewa mfuko wote wa chakula huingia katika hatua ambayo vitabu vya upasuaji huipa kurasa chache na hospitali ndogo huibeba kwa miaka. Hawezi tena kufyonza vitamini B12 kutoka kwenye chakula, kwa sababu kiini kinachoiwezesha kufyonzwa hutengenezwa na ukuta wa mfuko ulioondolewa, na akiba iliyomo kwenye ini inapokwisha baada ya miaka michache hupungukiwa damu na kufa ganzi miguu. Anahitaji sindano yake kila baada ya miezi kadhaa, kwa maisha yake yote, milo midogo sita kwa siku badala ya sahani moja kubwa ya ugali jioni, na muuguzi wa kituo cha afya aliyeandikiwa barua inayoeleza ni kitu gani kilichokatwa.